Kutoka Windows kwenda Mac: namna ya kuvizoesha vidole njia za mkato mpya

Ukihama kutoka Windows kwenda Mac, herufi nyingi unazozijua hazibadiliki. Kunakili bado ni C, kubandika ni V, kuhifadhi ni S, kuchapisha ni P. Kilichohama ni kitufe cha kushikilia: kazi nyingi zilizokuwa za Ctrl sasa ni za Command, kile chenye alama ya ⌘ jirani na kitufe cha nafasi. Basi usianze kwa kupakua orodha ya njia za mkato mia moja na kuibandika ukutani, kwa sababu siku ya tatu hutaitazama tena. Shika kanuni hiyo moja, halafu nguvu zako zote uziweke kwenye zile chache zinazoivunja. Hizo ndizo zinazofunga programu ukiwa katikati ya kazi, na ndizo zinazomfanya mtu aseme Mac ni ngumu.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa aina ambayo Dodoma wamejaa: mchana anatumia Windows ya ofisi pale Mtumba au ya maabara ya chuo, jioni anafungua MacBook yake, mara nyingi iliyokwisha tumika na mtu mwingine nje ya nchi. Waliohamia Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, nao wana sehemu yao mwishoni. Yao ni fupi kwa sababu mabadiliko yao ni machache.

Gumba kwanza

Kwenye Windows, Ctrl iko kona ya chini kushoto na hushikwa na kidole kidogo. Command iko chini ya kidole gumba. Makosa mengi ya wiki ya kwanza yanazaliwa hapo: macho yanajua kitufe ni ⌘, lakini kidole kidogo kinakimbilia kona kama zamani. Ni kama dereva aliyetoka gari la gia akapewa la otomatiki. Mguu wa kushoto unaendelea kutafuta klachi ambayo haipo.

Dawa yake ni mkao wa mkono. Ingiza gumba la kushoto ndani kidogo ya kiganja likae juu ya ⌘, na kidole cha shahada kifike C na V bila mkono kuhama. Fungua ukurasa mtupu, andika sentensi moja, kisha iteue yote, inakili, ibandike, itengue: ⌘A, ⌘C, mshale wa kulia, ⌘V, ⌘Z. Rudia polepole bila kutazama kibodi mpaka kidole kidogo kitulie. Kurudia ulichokitengua ni Shift+⌘Z, wakati Windows wengi wamezoea Ctrl+Y.

Inasaidia kujua pia kinachotokea ukikosea, maana Control ya Mac haijakaa bure. Ukibonyeza Control+A ukitarajia maandishi yote yateuliwe, kishale kinaruka mwanzo wa mstari au aya. Ukibonyeza Control+V kwenye programu kama TextEdit, hakibandikwi kitu, ukurasa unashuka. Ukishika Control na mshale wa kulia ili uruke neno, skrini nzima inaweza kuteleza pembeni na kazi yako ikatoweka machoni. Haijapotea. Umehamia eneo jingine la kazi, na Control+mshale wa kushoto unakurudisha. Control+mshale wa juu nao unatawanya madirisha yote mbele yako. Bonyeza Esc yarudi mahali pake.

Excel ya Mac ina mtego wa peke yake. Yenyewe inakubali Control+C na Control+V sawasawa na ⌘C na ⌘V. Unaona raha, lakini mtu anayeshinda kwenye Excel anaweza kukaa miezi bila gumba lake kujifunza chochote, kisha kila akitoka humo kwenda kwenye barua pepe anakwama. Lazimisha Command hata pale ambapo Control ingefanya kazi.

Zinazovunja kanuni

Hapa ndipo pa kukaa. Usizimeze zote kwa mkupuo. Chagua tano zinazogusa kazi yako ya kila siku, ziandike kwenye kikaratasi, kibandike chini ya skrini. Ukiona huhitaji tena kukitazama, andika tano nyingine.

Kufunga. ⌘W inafunga dirisha au kichupo, ⌘Q inazima programu nzima pamoja na madirisha yake yote. Q na W ni jirani, na kidole kikiteleza vichupo ishirini vya kivinjari vinaondoka pamoja. Kama unatumia Chrome, fungua menyu yenye jina la Chrome juu kushoto uweke tiki kwenye Warn Before Quitting. Kuanzia hapo italazimu kushikilia ⌘Q kidogo ndipo ikubali. Jua pia kwamba kitufe chekundu cha kona ya dirisha hakizimi programu kama X ya Windows. Programu inabaki wazi nyuma na kula kumbukumbu. Kwenye Mac yenye RAM ya GB 8 hilo si jambo dogo.

Kuhama kati ya madirisha. Alt+Tab ya Windows inapita kwenye kila dirisha. ⌘Tab inapita kwenye programu tu. Ukiwa na nyaraka tatu za Word, ⌘Tab itakuonyesha Word moja; ili uzunguke kati ya hizo tatu, tumia ⌘ na kitufe chenye alama ya `. Mtu asiyelijua hili huhangaika na kipanya siku nzima. Kibodi ya Kimarekani ina kitufe hicho juu ya Tab. Ya Uingereza ina § mahali hapo, na ` imewekwa chini kushoto, kati ya Shift na Z. Itazame mashine yako kabla ya kulaumu kidole.

Vichupo vya kivinjari. Hapa kanuni inageuka kabisa: kuhama kichupo bado ni Control+Tab, kama ulivyozoea. ⌘T inafungua kipya, ⌘L inapeleka kishale kwenye anwani, ⌘R inapakia upya.

Kuficha. ⌘H inaficha programu yote. Aliyezoea Ctrl+H kutafuta na kubadilisha maneno ataona kazi imetoweka ghafla, ⌘Tab itairudisha. Kwenye Excel ya Mac, kutafuta na kubadilisha ni Control+H.

Kutembea ndani ya maandishi. MacBook haina Home wala End. Mwanzo wa mstari ni ⌘ na mshale wa kushoto, mwisho ni ⌘ na mshale wa kulia. Mwanzo na mwisho wa waraka ni ⌘ na mshale wa juu au wa chini. Kuruka neno zima ni Option, kitufe kilicho jirani na ⌘, pamoja na mshale. Ongeza Shift kwenye yoyote kati ya hizo na maandishi yatateuliwa njiani. Familia hii moja inaokoa muda kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi na wanaojifunza wenyewe.

Kufuta. Kitufe kilichoandikwa delete kwenye Mac ndicho Backspace yako. Kinafuta kurudi nyuma. Kufuta kwenda mbele ni Fn+delete. Kufuta neno zima la nyuma ni Option+delete.

Faili. Ukiwa kwenye Finder, programu ya Mac ya kupitia mafaili, Return haifungui faili, inabadilisha jina lake. Kufungua ni ⌘O au ⌘ na mshale wa chini. Delete peke yake haifanyi kitu. Kupeleka faili kwenye taka ni ⌘delete. Na usitafute kukata faili kwa ⌘X, haitakubali. Inakili kwa ⌘C, nenda kwenye folda unayoitaka, kisha bonyeza Option+⌘V. Hiyo ndiyo inayolihamisha badala ya kuacha nakala mbili. Kitufe cha nafasi kinakuonyesha faili bila kulifungua, jambo la faida sana ukipokea PDF kumi zenye majina yanayofanana. Kabla ya kuchomoa flashi, iteue ubonyeze ⌘E.

Picha ya skrini. Hakuna Print Screen. Shift+⌘3 inapiga skrini nzima, Shift+⌘4 inakuachia uchore eneo, na ukibonyeza nafasi baada yake inapiga dirisha moja tu. Shift+⌘5 inaleta paneli yenye chaguo zote pamoja na kurekodi video, kwa mashine zenye macOS Mojave ya 2018 na za baada yake. Picha hukaa kwenye eneo-kazi kama faili. Ukitaka iende moja kwa moja kwenye ubao wa kunakili ili uibandike kwenye barua, ongeza Control.

Kufunga skrini. Win+L inakuwa Control+⌘Q. Tanguliza Control, ndipo ushike ⌘ na Q. Ukitanguliza ⌘Q umezima programu. Kwa wanaoinuka mezani kwenda masijala na kurudi, hii iwe kwenye kikaratasi cha kwanza.

Programu iliyoganda: Option+⌘Esc, chagua jina lake, bonyeza Force Quit. Kutafuta programu au faili lolote: ⌘ na nafasi, andika herufi mbili tatu, Return. Kupanga madirisha nusu kwa nusu, ile Win na mshale, kulikuja na macOS Sequoia ya 2024 kwa Fn+Control+mshale. Matoleo ya nyuma hayana njia hiyo ndani yake.

Kwenye Excel, taratibu

Vitufe vya F ndivyo vinavyowakwaza watu wa hesabu. Tuseme unapiga hesabu ya mahindi yaliyoingia soko la Kibaigwa. Bei ya kilo iko B1, kilo za kila mzigo ziko safu ya A kuanzia A4 hadi A40. Kwenye B4 unaandika =A4*B1, na kwa mazoea unabonyeza F4 ili B1 ifungwe. Hapo hapo Mac inakufungulia kitafutaji au ukurasa wa programu, kwa sababu safu ya juu ya kibodi yake kwanza ni ya mwanga, sauti na mengineyo.

Fanya hivi. Kishale kikiwa bado kwenye B1 ndani ya fomula, bonyeza ⌘T. Itakuwa $B$1. Ukibonyeza tena inakuwa B$1, halafu $B1, halafu inarudi B1 tupu. Piga Return, kisanduku kilichoteuliwa sasa ni B5, kwa hiyo panda kimoja kwa mshale. Usijaribu kuteua kwenda chini kwa Shift+⌘+mshale wa chini, maana chini ya B4 hakuna kitu na Excel itakupeleka hadi mstari wa 1,048,576. Andika B4:B40 kwenye kisanduku cha jina kilicho juu ya safu ya A, piga Return, kisha ⌘D. Fomula imeshuka mpaka mwisho. Kama B5 inaonyesha sifuri, ulisahau kufunga B1: B5 inazidisha A5 kwa B2, na B2 haina kitu. Jumla ya chini, ukiwa B41, ni Shift+⌘T kisha Return.

Kuhariri kisanduku, ile F2, ni Control+U. Mstari mpya ndani ya kisanduku kimoja ni Control+Option+Return. Tarehe ya leo ni Control na nukta mkato. Kupanga muundo wa kisanduku ni ⌘1.

Kama kazi yako ni Excel kutwa nzima, ni halali kabisa kurudisha vitufe vya F: fungua System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Function Keys, uwashe Use F1, F2, etc. keys as standard function keys. Toka hapo F4 inafanya kazi ya Excel, na mwanga unaupata kwa kushika Fn.

Zoezi la barua

Chomoa kipanya. Usiguse hata padi. Chapa barua moja ya kiofisi, yenye Kumb. Na., anwani na kichwa cha YAH:, ukianza hivi:

1. ⌘ na nafasi, andika word, Return. Kisha ⌘N.
2. Andika anwani na mstari wa YAH:. Ukimaliza mstari huo, ⌘+mshale wa kushoto, kisha Shift+⌘+mshale wa kulia. Mstari umeteuliwa.
3. ⌘B kukoleza, ⌘U kupigia mstari, ⌘E kuweka katikati.
4. Mshale wa kulia kuachia uteuzi, Return, kisha zima ulichowasha: ⌘B, ⌘U, na ⌘L kurudi kushoto. Wengi husahau hapa, na barua nzima inakuwa ya herufi nene.
5. Andika aya mbili. Rudi nyuma kwa Option+mshale, futa neno moja kwa Option+delete, andika jingine.
6. ⌘S, jina la faili, Return. ⌘P uone ukurasa wa kuchapisha, Esc utoke, ⌘W ufunge.

Barua moja kila siku kabla ya kuanza kazi inatosha. Kasi yako itashuka mwanzoni, na huo ndio wakati watu wanarudi kwenye kipanya. Kwa hiyo usianze wiki yenye taarifa ya robo mwaka.

Kubadilisha vitufe vyenyewe

Mac inakuruhusu kubadilishana Control na Command: System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Wengi hukimbilia hapo siku ya kwanza. Ushauri wetu ni kuacha. Ukishabadilisha, kila kitu kinahama pamoja: ⌘Tab inakwenda kwenye kona, Control+Tab inakuja kwenye gumba, na Control+U ya Excel nayo imehama. Umetatua C na V, umevuruga mengine, na ukikaa kwenye Mac ya mwenzako huwezi kuandika. Anayetumia Windows mchana na Mac jioni ananufaika na tofauti iliyo wazi: kona ni Windows, gumba ni Mac. Vidole vinatofautisha mashine mbili vizuri zaidi pale mkao unapokuwa tofauti kweli.

Kuna hali moja ambapo kubadilisha ni sahihi, nayo ni kibodi ya nje ya Windows iliyochomekwa kwenye Mac. Hapo kitufe cha Windows kinakuwa Command na Alt inakuwa Option, lakini vimekaa kinyume na vya MacBook, Alt ndiyo iko karibu na nafasi. Kwenye ukurasa huo wa Modifier Keys, chagua kwanza kibodi ya nje pale juu, kisha weka Option ifanye kazi ya Command na Command ifanye ya Option. Kibodi ya ndani haitaguswa.

Kama alama ya @ inatoka ", tatizo si njia za mkato. Mpangilio uliochaguliwa haufanani na herufi zilizochapwa kwenye vitufe. Rekebisha kwenye Keyboard, Input Sources. Kwenye kibodi ya Mac ya Uingereza, # ni Option+3.

Ukisahau, uliza menyu

Kila menyu ya juu inaonyesha njia ya mkato mbele ya jina la kazi. Jifunze alama nne: ⌘ ni Command, ⌥ ni Option, ⌃ ni Control, ⇧ ni Shift. Njia ya haraka zaidi ni Shift+⌘+/, inayofungua kisanduku cha kutafutia kwenye menyu ya Help. Andika neno unalotafuta, na Mac itakuonyesha kwa mshale menyu ilipo pamoja na vitufe vyake.

Kazi isiyo na njia ya mkato inaweza kupewa. Kwenye Keyboard Shortcuts, fungua App Shortcuts, bonyeza +, chagua programu, andika jina la kazi, kisha vitufe unavyotaka. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye menyu, herufi kubwa kwa ndogo, na kama linaishia na nukta tatu ziweke. Export as PDF... bila zile nukta haifanyi kazi, wala Mac haikuambii umekosea wapi.

Waliohamia Ubuntu

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop nyingi za zamani hazipokei Windows 11, kwa hiyo wapo waliokwenda Linux. Kwao Ctrl inabaki Ctrl, Alt+F4 inafunga, na kitufe cha Windows sasa kinaitwa Super: kibonyeze peke yake uandike jina la programu, Super+L inafunga skrini, Super na mshale inapanga madirisha. Print Screen inafungua paneli ya kupiga picha kuanzia Ubuntu 22.04.

Linalowashangaza ni dirisha la amri, linalofunguka kwa Ctrl+Alt+T. Humo Ctrl+C hainakili, inakatisha amri inayoendelea. Ukiona ^C imetokea na kazi imesimama, ndicho kilichotokea. Bonyeza mshale wa juu amri irudi, kisha Return. Kunakili humo ni Ctrl+Shift+C na kubandika ni Ctrl+Shift+V. Usiipeleke Shift hiyo kwenye kivinjari, kwa sababu Ctrl+Shift+C kwenye Firefox na Chrome inafungua zana za watengeneza tovuti. Zikifunguka, F12 inazifunga.